Usichomeke Kwanza! Maswali yenu ya redio, santuri na kanda za zamani

Wapendwa wasomaji, barua za safari hii zimekuwa nyingi mpaka nimeomba ukurasa wa ziada, na nilipozisoma zote kwa mpigo nikaona karibu nusu zina kisa kilekile. Mtu kapata kitu cha zamani, kimetoka kwa babu au kwenye mitumba, akakifuta vumbi, akakichomeka ukutani siku hiyohiyo, halafu ndo ananiandikia. Mi naomba mniandikie kabla. Kitu kilichokaa miaka ishirini kimya kinaweza kukaa wiki mbili zaidi, hakitaharibika, lakini dakika moja ya umeme inaweza kukimaliza kabisa. Basi tuanze.

Fundi, shikamoo. Babu yetu alikuwa mtu wa reli hapa Tororo, alipofariki akaacha redio gramu kubwa ya mbao, ile ya miguu minne, redio upande mmoja na pleya ya santuri upande wa pili chini ya kifuniko. Imekaa stoo zaidi ya miaka ishirini na kuku walikuwa wanalala juu yake. Bibi anataka aisikie tena. Kaka yangu anasema tuichomeke tu tuone kama itawaka. Tufanyeje? – Mjukuu, Tororo

Marahaba mjukuu. Kwanza mwambie kaka yako aache plagi kabisa, ikibidi ikate waya uwe na amani. Ntaeleza kwa nini.

Ndani ya hiyo redio kuna kapasita kubwa zinazolainisha umeme, na kinga yake ni utando mwembamba sana wa kikemia ambao unahitaji umeme mara kwa mara ili ubaki imara. Zikikaa miaka bila kuguswa ule utando unachoka na maji ya ndani yanakauka, sasa ukiipiga volti 240 kwa ghafla kapasita inapitisha umeme kama waya mtupu, inachemka, inapasuka, na ikipasuka inaondoka na transfoma. Kapasita utaipata dukani. Transfoma ya redio ya miaka ya sitini utaipata wapi? Utabaki unatafuta mtu wa kukusukia upya, na kazi hiyo ina gharama na ina wachache wanaoiweza vizuri.

Kwa hiyo fungua kifuniko cha nyuma, kile cha kadibodi chenye matundu. Utakuta viota vya panya, vumbi la kuku, labda na mende. Tumia brashi laini ya rangi na pumzi, usitie maji. Halafu shika waya wa umeme karibu na pale unapoingia ndani, uukunje kidogo. Kama mpira wake unapasuka na kudondoka kama ganda la njugu, basi waya zote zenye mpira wa aina hiyo zinabadilishwa, hakuna kujadili. Waya mpya, plagi mpya, na ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3, sio ile ya 13 inayokuja na plagi, manake fyuzi ya 13 itaangalia tu redio ikiungua.

Sasa soma majina ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani ya redio, yale maandishi madogo kwenye kioo, taratibu kwa sababu ukisugua yanafutika. Zikianza na herufi E, kama ECC83 au EL84, uko kwenye redio ya kawaida yenye transfoma. Zikianza na U, kama UL84 au UCL82, simama hapohapo. Redio nyingi za namna hiyo hazina transfoma ya kuzitenga na ukuta, ile bati la chini lenyewe linaweza kuwa na umeme wa moja kwa moja, ukiligusa umegusa soketi. Hiyo mpe fundi anayezijua, na usije ukaunganisha simu wala kitu chochote kwayo.

Na hata ile ya E, ndani kuna volti 250 hadi 300 na zinabaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa. Kama hujawahi kufanya kazi ya umeme mkubwa, hapa ndipo unamkabidhi fundi karatasi hii. Mwambie abadilishe kapasita kubwa za kulainisha, halafu zile ndogo za karatasi na nta, hasa ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho. Ile ikivuja, valvu ya mwisho inavuta umeme kupita kiasi mpaka bamba lake la ndani linakuwa jekundu. Nyuzi za katikati kung'aa rangi ya machungwa ni sawa, ndo zinavyopasha moto, lakini ukiona lile bamba la kijivu linawiva jekundu, zima.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza tumia taa. Chukua taa ya kizamani ya wati 60, yenye uzi ndani, sio LED wala ya kubana umeme, uiunge kwenye waya mmoja ili umeme wote upitie kwenye taa kwanza ndo ufike kwa redio. Ukiwasha, taa ikiwaka kidogo halafu ikafifia, vizuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivo, kuna mahali pameungana vibaya, na taa imekuokolea transfoma. Mjomba wangu Jinja alikuwa na taa hiyo juu ya meza yake ya kazi, imefungwa kwenye kipande cha ubao, na hakuna redio iliyogusa ukuta kwake kabla ya kupita kwenye taa ile.

Pleya nayo, kama ni BSR au Garrard ya Uingereza, utakuta mkono haurudi au sahani haizunguki, na mara nyingi si ubovu, ni grisi imegeuka gundi. Usilazimishe mkono hata kidogo. Grisi ya zamani isafishwe yote, itiwe mpya kidogo, na lile gurudumu la mpira linalozungusha sahani lipanguswe kwa spiriti, likiwa gumu lipitishiwe msasa laini sana. Angalia pia chini ya kichwa cha mkono, kuna kijiti kidogo unachokigeuza, upande mmoja umeandikwa 78, ni wa santuri nzito za kale zinazozunguka mara 78 kwa dakika, na mwingine LP, ni wa zile za plastiki. Wengi hawajui hicho kijiti, wanapiga santuri ya LP kwa sindano ya 78 na kuichimba.

Jambo la mwisho na ni ombi. Watu wanatoa matumbo ya redio gramu wakaweka blututhi au wakaifanya kabati la chupa. Mjukuu, usikubali. Bibi hataki kabati, anataka ile sauti.

Nilinunua risiva, redio na amplifaya ndani ya boksi moja, ya rangi ya fedha yenye mita za sindano, nzuri sana, kwa mtu anayeleta vitu kutoka Japani. Nikawekewa transfoma ya kushusha umeme. Inafanya kazi lakini inapata moto, na kitu cha ajabu ni kwamba CBS 88.8 inaingia safi ila Capital 91.3 haipo kabisa, mshale unaishia 90. Imekufa upande? – Ntinda, Kampala

Haijafa ndugu yangu, iko Japani bado. FM ya Japani zamani ilikuwa 76 hadi 90, ya kwetu ni 88 hadi 108, kwa hiyo mnakutana pale kati ya 88 na 90 tu. Umeshawahi kupanda gari la kutoka Japani ambalo redio yake inashika stesheni mbili? Ni kitu hichohicho, na dawa ni ileile, kile kiboksi cha kushusha masafa wanachofunga mafundi wa redio za magari. Kinaenda kwenye waya wa antena na kinataka volti 12 za adapta. Sauti haitakuwa safi kama ya tuna, yaani boksi la redio peke yake lisilo na amplifaya, iliyozaliwa na masafa yetu, kwa hiyo kama unapenda redio sana mi ningetafuta tuna ya Ulaya ya miaka ya sabini mwishoni kuja mbele niiunge kwenye AUX, lile tundu la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine. Angalia tu skeli yake ifike 108, kwa sababu za zamani zaidi nyingi ziliishia 100 au 104.

Moto ndo unanisumbua. Geuza risiva usome nyuma, Japani ni volti 100, si 110. Transfoma nyingi zinazouzwa hapa zimeandikwa 110, na umeme wetu ukipanda kidogo saa sita usiku wakati watu wamelala zinatoa 115 na zaidi. Hapo risiva inakula zaidi ya inavyotakiwa kila saa, kapasita zinapikwa polepole. Tafuta transfoma ya 240 kwenda 100 kamili, na nguvu yake iwe kama mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya risiva. Pima kwa multimita kabla ya kuunga, usiamini stika.

Hili nalisema kwa uchungu. Amplifaya ya marehemu baba ilikuwa na swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti, ya kugeuza kwa bisibisi. Niliipeleka kwa fundi mmoja mjini abadilishe soketi ya spika tu, kazi ya nusu saa. Aliyeijaribu hakuangalia ile swichi, ilikuwa imegeuzwa 110, na fyuzi walikuwa wameshaifunga kwa waya. Nilirudishiwa kwenye kavera, inanuka vanishi iliyoungua. Nina transfoma yake mpaka leo. Ndo maana kila mtu anayeniandikia namuuliza, umesoma nyuma?

Kaka yangu yuko Marekani, ameniletea pleya nzuri ya belti na santuri za Franco alizozikuta huko. Nimeweka transfoma ya 120 kama alivyosema, lakini zinaimba polepole, sauti nzito, gitaa linavutika. Belti nimebadilisha mara mbili. – Gulu

Belti haina kosa. Transfoma inashusha volti tu, haigusi Hz. Marekani umeme unatikisika mara 60 kwa sekunde, huku kwetu mara 50, na mota ya aina ya pleya yako inafuata hesabu hiyo kama mwanajeshi anavyofuata ngoma. 50 juu ya 60 ni tano kwa sita, basi badala ya kuzunguka 33 na theluthi kwa dakika inazunguka karibu 28. Ndo maana gitaa la rumba linageuka la msiba.

Uhakikishe hivi, huhitaji kifaa. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri na mkono ukiwa unapiga kabisa, halafu hesabu mizunguko kwa dakika tatu za saa ya simu. Ikiwa sawa utapata 100 kamili. Wewe utapata kama 83. Nipe majibu, lakini mi najua itakuwa 83.

Dawa ni puli, kile kidude cha shaba kwenye mota kinachoshika belti. Kwa baadhi ya pleya kampuni ilitoa puli za 50 na za 60, uliza kwa jina la modeli. Ukikosa, chomoa yako, uende nayo kwa fundi wa kukereza chuma, Katwe wapo wazuri ukija Kampala, na nadhani Gulu huwezi kumkosa, akukerezee nyingine ya shaba yenye upana mara 1.2 wa ile. Mwambie apime kwa kaliper, si kwa jicho, na tundu la katikati liwe katikati kweli, manake likipinda unywele mmoja utasikia sauti inayumba kwenye kila noti ndefu. Ukimaliza hesabu tena, tafuta 100.

Wengine mnaotaka kununua, pleya ambazo mota inazungusha sahani moja kwa moja bila belti, kama Technics SL-1200, iliyotoka 1972, hazina tatizo la Hz kwa sababu mwendo wake unasimamiwa na saketi yake yenyewe. Za kwao ni volti tu.

Pleya nimeiunga AUX kwenye amplifaya mpya, sauti inatoka ndogo kama mbu na haina besi. – Mbarara

Sindano ya kisasa inatoa kama milivolti 5 tu, AUX inasubiri milivolti mia mbili hivi. Halafu santuri inachongwa na besi iliyopunguzwa na treblu iliyoongezwa makusudi, ili mfereji usiwe mpana na kelele zipungue, na kitu kinachorudisha mizani hiyo ni saketi ya fono. Amplifaya za zamani zinayo, tundu limeandikwa PHONO. Mpya nyingi hazina, basi nunua kiboksi cha fono ukiweke katikati. Na ule waya mwembamba wa arthi unaotoka kwenye pleya usiuache unaning'inia, usipoufunga utapata mngurumo.

Nimepata santuri nzito za 78, nikazisafisha kwa spiriti, sasa zimekuwa nyeupe na zinanata. – Soroti

Pole sana. Zile za 78 nyingi ni shellac, utomvu wa wadudu, na spiriti inaiyeyusha. Zilizobaki tumia maji safi ya baridi na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati. Spiriti iliyochanganywa na maji ni ya plastiki za 33 na 45. Ukigonga kwa kucha utazitofautisha, ya 78 inalia kama sahani ya udongo. Zile ulizoziharibu usizitupe, zipige polepole mara moja na uzirekodi kwa simu kama sauti bado ipo.

Nikizungusha volyumu inakwaruza, jirani kaninyunyizia WD-40. – Busia

Ile ni ya bawaba na nati. Inaacha mafuta ndani, vumbi linashika, baada ya miezi inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Omba dawa ya kusafishia kontakti za umeme, nyunyiza kidogo kwenye upenyo wa kizungusho, zungusha mwanzo mpaka mwisho mara thelathini, vifaa vikiwa vimechomolewa. Halafu subiri ikauke.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Arua. Nina kanda za kwaya yetu za miaka ya themanini, kama arobaini, na deki niliyoinunua enzi hizo. Deki inavuma lakini haizungushi, nilipofungua nikakuta kitu cheusi kama lami kimetapakaa. Kanda nyingine zina unga mweupe. Nimekata tamaa. – Mwalimu

Mwalimu, shikamoo, na tafadhali usikate tamaa, barua yako ndo imenifanya nianze kuandika usiku huohuo. Hakuna mahali pengine duniani zilipo sauti hizo.

Ile lami ndo belti. Mpira wa aina ile ukizeeka kwenye joto unarudi kuwa uji. Iondoe kwa vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, uvae glavu kwa sababu ikikushika mikononi hutaitoa siku mbili, na utoe chembe zote kwenye mifereji ya puli, ikibaki moja tu belti mpya itaruka. Kupata saizi, zungusha uzi wa kushonea palepale belti ilipopita, ukate, upime kwa rula, halafu nunua belti fupi kidogo kuliko uzi, kati ya asilimia 5 na 10. Uzi wa sentimita 20 unataka belti ya kama 18 na nusu. Baada ya hapo safisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, na ile rola ya mpira inayobana kanda mpaka kijiti kitoke cheupe.

Unga mweupe ni ukungu. Kanda yenye ukungu usiipige kwenye deki uliyosafisha, itaacha mbegu kwenye hedi na itaambukiza nyingine zote thelathini na tisa. Zitenge. Zikaushe mahali pakavu penye hewa, sio juani, kwa siku nyingi. Kama kasha lina skrubu, lifungue juu ya meza nyeupe ukiwa na barakoa, utoe zile roli mbili za kanda, ufute ukungu wa pembeni kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, uzihamishie kwenye kasha la kaseti nyingine safi. Angalia pia kile kipande kidogo cha sponji kwenye bati la shaba katikati, kinachoisukuma kanda kwenye hedi. Gundi yake huachia, kinadondoka, na mtu anadhani kanda imefutika kumbe sauti iko palepale.

Kabla ya kuipiga yoyote, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, ili ilegee. Zile za dakika 120 uzishike kama yai, kanda yake ni nyembamba, nusu tu ya ile ya dakika 60. Na ukishapiga, rekodi mara hiyohiyo kwenye kompyuta, usiseme nitarudi, kwa sababu kanda nyingine zinakupa nafasi moja. Andika majina ya waimbaji wakati bado unawakumbuka, hata kwa penseli kwenye karatasi ya kasha.

Spika zangu za inchi 10, ule ukingo wa sponji umeoza, unabaki vidoleni kama keki. Fundi anasema atakata chubu ya baiskeli abandike, au aniwekee wufa, spika ya besi, mpya kubwa. – Masaka

Vyote viwili kataa kwa heshima. Chubu ni nzito na ngumu, koni haitaweza kwenda na kurudi ilivyopangwa, utapata besi ya bubububu isiyo na noti. Na wufa mpya kwenye boksi ambalo halikupimwa kwa ajili yake ni bahati nasibu. Sponji za kwanza zilikuwa na maisha ya miaka kumi na tano, ishirini, kwenye joto na unyevu wetu pungufu ya hapo, lakini sumaku, koni na koili vinabaki vizima. Unabadilisha sponji peke yake.

Pima kipenyo cha koni na cha fremu kwa milimita, agiza sponji ya saizi hiyo. Kwangua ya zamani yote, safisha gundi kwa spiriti. Gundisha kwanza kwenye koni, acha ikauke. Sasa kwenye fremu ndo penye roho ya kazi, kwa sababu koili inaelea kwenye upenyo mdogo sana wa sumaku na ikikaa upande itakwaruza milele. Paka gundi, weka, halafu kwa vidole vinne, viwili kila upande, bonyeza koni ishuke na uiachie, sikio likiwa karibu. Ukisikia kssss, sogeza kidogo, bonyeza tena. Endelea mpaka iwe kimya kabisa kila upande, kisha usiiguse siku nzima.

Ikikauka chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye tundu jekundu na hasi kwenye jeusi kwa sekunde moja. Koni itaruka kwenda mbele. Ya pili nayo ifanye hivohivo. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, waya zimegeuzwa na besi zitakuwa zinauana, utasikia sauti nyembamba utalaumu sponji bure.

Nyumba yangu ina sakafu ya saruji na mabati bila dari, muziki unapiga mwangwi, na mvua ikinyesha sisikii kitu. Nifunge spika kubwa zaidi? – Iganga

Hapana dada, spika kubwa itaongeza mwangwi. Tandika mkeka mzito au zulia kati yako na spika, mapazia mazito ukutani, kabati la vitabu au hata viti vya sponji kwenye ukuta wa nyuma yako. Spika zitoe kwenye kona, zikae mbali na ukuta angalau urefu wa mkono, juu ya kitu kigumu, usawa wa sikio ukiwa umekaa. Dari la mbao au hata la mifuko iliyoshonwa litasaidia na mwangwi na mvua.

Na kwa kuwa umetaja mvua, watu wote wa karibu na ziwa mnisikie, radi zetu ni nyingi mno. Wingu likianza kunguruma chomoa plagi na uchomoe antena, zote mbili, usizime swichi tu. Hata umeme ukikatika, chomoa, subiri urudi na utulie dakika kadhaa ndo uchomeke, kwa sababu ule mruko wa kurudi ndo unaoua vifaa vingi kuliko kuzeeka.

Fundi, ulinisaidia mwaka jana na pleya ya baba, sasa inaimba. Mzee ana miaka 81, anakaa nayo kila Jumapili baada ya kanisa. Lakini santuri moja ndogo ya 45, iliyochapwa Nairobi, anayoipenda kuliko zote, inarudia neno moja tu mpaka asukume mkono. Ameweka sarafu ya shilingi mia juu ya kichwa cha mkono na bado. – Jinja

Nimefurahi mno, msalimie mzee. Sarafu iondoe leo, sindano yake inataka gramu 2 tu na hiyo sarafu peke yake inazidi hapo, inalima santuri. Nunua kimizani kidogo cha vito kinachosoma sehemu za gramu, weka sindano juu yake, zungusha uzito wa nyuma mpaka kisome 2. Halafu pleya yenyewe, weka glasi yenye maji katikati ya sahani utazame kama maji yamelala sawa, ikibidi weka kadibodi chini ya mguu mmoja.

Kisha chukua santuri, ishike pembeni, uilaze chini ya tochi ya simu ukiwa umeinamisha mwanga, utafute pale inaporudia. Mara nyingi ni chembe ya uchafu iliyoganda ndani ya mfereji. Weka tone la maji yaliyochemshwa yakapoa, subiri dakika mbili, pitisha brashi laini ukifuata mzunguko, usikate njia. Kausha. Ukishajaribu niandikie kama imepita, na uniambie neno linalorudiwa ni lipi, nataka kujua mzee amekuwa akilisikia neno gani muda wote huo.